Leo Chumvi Imezidi

Mdogo wangu mpenzi Kitinda,

Salamu zangu zikufikie ulipo, wewe na mkeo na watoto, na Mungu awe amewaamsha salama asubuhi mtakayoifungua bahasha hii. Ukiniuliza mimi, nitakujibu kuwa mwili haujambo, ni magoti tu yanayonung'unika nikikanyaga cherehani kwa muda mrefu. Habari za moyo nitazieleza humu kadiri mkono utakavyonitii.

Mama yupo. Nalitanguliza hilo kwa sababu najua ukiona mwandiko wangu jicho lako litalitafuta kabla ya salamu zote. Yupo, anapumua vizuri, anatutambua, ingawa si yule uliyemwacha mara ya mwisho. Endelea kusoma taratibu, usiruke.

Utajiuliza kwa nini nimeshika kalamu siku hizi za simu za kupapasa. Kwanza, umetoka kwenye kundi letu la familia na nikikupigia haiiti, na sikulaumu. Pili, vioo vya simu vimetutosha. Barua hii nimemtumia Mama Mdogo kwa basi akupe mkononi, maana karatasi haimuulizi mtu neno la siri. Anayeishika anasoma.

Ile siku Mama alipoanguka jikoni kwa kiharusi ulipata habari, na ulituma ujumbe kuwa likizo yako bado haijapitishwa, ikipita utachagua siku na kuja. Alipohamishiwa wodi ya mazoezi tukakuta sheria zao: mgeni mmoja kwa siku, na jina lake lipelekwe getini siku moja kabla. Wewe unatujua. Wiki ya kwanza tu, Kaka Mkubwa na dada yetu Bi Haraka wakakutana getini kila mmoja na chombo chake cha chakula, kila mmoja akidai siku ni yake, hadi mlinzi akawaambia wakapigie kura nyumbani. Bi Haraka akarudi na chakula chake, akakila ndani ya basi kwa hasira.

Wifi, mke wa Kaka, ndiye aliyetuokoa. Si unajua ni karani wa shule, mambo ya kompyuta kwake ni kama mimi na sindano. Akatengeneza fomu ya mtandaoni. Unafungua, unachagua siku, unaandika jina lako na wewe ni nani kwa mgonjwa. Ukishatoka kumwona Mama unarudi kuandika amekula nini, amelala vipi, amesema nini, ili wa kesho asianzie sifuri. Wifi akasema fomu inataka mtunzaji mmoja, atakayesoma majina na kuyapeleka getini. Kaka akasema apewe Fundi, yeye hata pini haimpotei. Nikacheka, lakini nilivimba kichwa, mdogo wangu. Mimi niliyeishia darasa la saba nimekuwa mtunzaji wa kitu cha mtandaoni! Simu nikaiweka juu ya meza ya kukatia nguo, kando ya chaki na futi, nikawa naichungulia kama mama mwenye mtoto mchanga.

Fomu ilikuwa wazi, mwenye linki anaingia. Kosa la kwanza lilikuwa la Bi Haraka, ambaye kwa haraka zake aliitupa linki kwenye kundi lake la sala ili Mama aombewe. Waliomba, Mungu awalipe. Lakini linki nayo ikaanza safari zake. Yule jirani yetu tunayemwita Redio akasoma tulivyoandika kuwa Mama amelowesha shuka, na kabla ya mchana mtaa mzima ulikuwa unanipa pole ya shuka. Mwingine alijiandikisha kwa jina la Mjukuu wa Mfalme. Kisha likaja la muuza dawa za mitishamba. Huyo alijaza fomu vizuri kabisa, na penye kuuliza wewe ni nani kwa mgonjwa akaandika "mtoto". Mimi sikutazama jina, nilitazama "mtoto" nikapeleka getini. Muuguzi akamkuta amekaa kitandani, chupa ya maji ya kahawia wazi, anamsugua Mama nyayo, na Mama anamwambia wewe kijana unanitekenya, mama yako nani? Sisi tulicheka baadaye. Muuguzi mkuu hakucheka. Alisema akiingia mtu mwingine wa namna hiyo atafunga mlango kwa wote, hata tuliozaliwa na mgonjwa.

Ndipo Wifi akasema fomu ifungwe kwa neno la siri. Alinieleza kwa utulivu, na mimi nikamwelewa kwa namna yangu: ni kama kutia kifungo kwenye mfuko. Akanionya neno hilo lisitumwe kwenye kundi, kwa sababu kundi letu linavuja kuliko tenga. Badala yake tuweke swali juu ya mlango, swali ambalo anayestahili kuingia atajua jibu lake bila kuambiwa. Akaniachia nichague.

Nilichagua wakati napindua kola ya shati. Lilinijia lenyewe, na nikaona kweli Mungu amenipa akili. Swali nikaliandika hivi: "Mgeni akija, na sufuria ni ndogo, Mama alisema nini?" Jibu lake ni "Leo chumvi imezidi."

Kaka alituma sauti ya kicheko tu, kicheko kirefu kutoka gerejini kwake. Bi Haraka akaandika kuwa tumbo lake limenguruma kwa kumbukumbu. Nilijiona mjanja. Kisha Wifi akanionyesha nafasi nyingine, pa kuandika maneno yatakayomtokea mtu akikosea jibu. Nikamfikiria Redio, nikamfikiria yule wa chupa, nikaandika: "Umekosea. Mtoto wa nyumba hii hawezi kulikosa neno hili." Bi Haraka akasema hapo umewaweza.

Maneno hayo, Kitinda, si ya Kaka. Ni yangu. Niliyaandika mimi kwa kidole changu chenye kovu la sindano, na nilitabasamu nilipoyaandika.

Amani ikarudi. Redio alinisimamisha njiani kulalamika kuwa simu yake imeharibika, kila akifungua inamuuliza habari za sufuria. Nikamshauri aipeleke kwa fundi. Nilifika nyumbani bado nacheka, nikasali sala yangu ya jioni na kumshukuru Mungu kwa usalama wa familia.

Kisha ukaja ujumbe wako kwa Kaka. Ulikuwa mfupi: "Nimeelewa. Bakini na mama yenu." Kaka alikuwa chini ya lori, akausoma na mikono ya grisi, na akakujibu yale aliyokujibu. Kwamba wewe uliyekulia kwenye maziwa na nyama umeshindwa kumpa Mama siku moja, na sasa unaleta na kiburi. Kesho yake ukatoka kwenye kundi. Mimi nilisoma yote hayo kimya. Niliguna, nikapiga magoti kukuombea Mungu aulainishe moyo wako. Hebu niangalie! Naomba ulainike wewe, na mgumu ndiye aliyepiga magoti.

Aliyenizindua ni Mama Mdogo. Alinipigia, na unajua sauti yake ikiwa haina utani kuna jambo. Akasema huyu mtoto nimemlea mimi lakini aliyemzaa ni dada yangu, kwa nini mmemfungia nje? Nikaruka, nikasema hakuna aliyemfungia, neno analijua. Akaniuliza, analijua kutoka wapi?

Akanieleza kuwa ulijaribu jina la Mama. Ukajaribu la marehemu Baba, ukajaribu la mbwa wetu wa zamani uliyewahi kumsikia tukimtaja, ukajaribu jina la mtaa. Mwishoni ulijaribu jina lako mwenyewe. Na kila mara ukurasa ukakwambia kwamba mtoto wa nyumba hii hawezi kulikosa neno hili.

Niliacha kukanyaga cherehani. Nilikaa pale na nguo ya watu miguuni.

Kwa hiyo nikueleze neno lenyewe, maana hakuna aliyewahi kukueleza. Wakati sisi tunakua, baada ya Baba kuondoka duniani, chakula kilikuwa cha kupimwa kwa jicho. Lakini wageni hawapimi, wanakuja tu. Mgeni akibisha hodi wakati sufuria iko jikoni, Mama alikuwa anaonja mchuzi, anakunja uso kidogo, kisha anasema kwa sauti ya kawaida: "Watoto, leo chumvi imezidi." Hakukuwa na chumvi yoyote iliyozidi. Maana yake ilikuwa chota kidogo, bakiza, useme umeshiba. Tukawa tunakula matonge mawili matatu, tunasema alhamdu zetu, tunanawa mikono, na mgeni anasifu malezi: ona watoto hawa hawana tamaa! Kaka alikuwa anasema tumbo lake lingepewa cheti cha adabu. Tulikuwa tunafundishana, mkubwa anamfinya mdogo pajani mpaka aelewe.

Jioni ile Mama Mdogo alipokuja kututembelea kutoka mbali, wewe ulikuwa hujafundishwa. Ulikuwa hata "r" huijui. Mama akaonja, akasema lake. Sisi tukabana matumbo, tukabakiza. Wewe ukachovya kidole kwenye mchuzi, ukalamba, ukamtazama Mama kwa mshangao, ukasema kwa sauti ya kusikika hadi uani: "Mama, mbona tamu?" Na ukanyoosha sahani uongezwe.

Tulicheka wote. Mama Mdogo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuacha kucheka. Nakumbuka jicho lake lilivyotembea, kwetu, kwenye sahani zetu, kisha kwenye sufuria. Hakula tena. Asubuhi akakaa na Mama jikoni mlango umeegeshwa, na jua lilipopanda uliondoka mgongoni kwake, umefungwa kwa khanga ya Mama. Sisi tuliambiwa umekwenda kutembea. Yeye alikuwa hajajaliwa mtoto, nyumba yake ilikuwa na nafasi na sahani. Ukakaa. Ukasoma kuliko sisi sote. Na ulipokuwa ukija likizo tulikutandikia kitambaa cha meza, tukakuwekea soda, na hatukuona kuwa huko ni kukufanya mgeni.

Tangu jioni ile Mama hakulisema tena neno hilo, hata waje wageni kumi. Lilikoma siku uliyoondoka. Ungelijifunza wapi? Katika maneno yote ya nyumba yetu nikaenda kuchagua hilo moja, nikalitundika mlangoni, nikasema asiyelijua si wetu. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wangu ameshaanza kutembea, anaangusha vitu ndani ya nyumba.

Hapo ningeweza kumaliza, na ungenisamehe kwa usahaulifu. Lakini mficha uchi hazai. Lipo jambo la pili ambalo Mama Mdogo alilitaja katika simu ile, na yeye mwenyewe hakujua uzito wake.

Alisema ulikuja. Likizo ilipopita ulisafiri, ukafika getini na mfuko wa machungwa, mlinzi akatazama karatasi na jina lako halikuwemo. Ukamwambia wewe ni mtoto wa mgonjwa. Akapiga simu wodini, kisha akakwambia wenyewe wamesema watoto wote wapo kwenye karatasi. Ukauliza ni nani aliye juu, akakujibu ni ndugu yako. Ukaamini ni Kaka. Mama Mdogo naye anaamini ni Kaka, na siku ile alimlaani kidogo, nami nikamwacha amlaani.

Hakuwa Kaka. Siku ile ilikuwa yangu.

Nilikuwa nimekaa kando ya kitanda, namchana Mama nywele. Siku hizo maneno yake yalikuwa yamerudi vizuri, polepole tu, kama mtu anayepanda ngazi. Muuguzi akachungulia, akasema getini kuna mwanamume anadai ni mtoto wa mgonjwa na hayupo kwenye karatasi. Mimi kichwani nikamwona yule wa chupa. Sikuuliza jina. Hatua za kwenda dirishani zilikuwa chache, na dirisha lile linaangalia geti, lakini sikutaka kuliacha fundo la nywele nililolishika. Nikasema, na nilisema kwa maringo ya mtunzaji wa fomu, kwamba watoto wa mgonjwa tunawajua, wote wapo kwenye karatasi, huyo aambiwe asitusumbue.

Mama akaniuliza ni nani. Nikamwambia, hakuna mtu, Mama. Akauliza tena, si Kitinda? Nikamwambia Kitinda hajapata likizo.

Ndipo akaanza kukuzungumzia wewe. Alinisimulia jioni ile ya mchuzi kama vile mimi sikuwepo. Akasema watu walidhani alikutoa kwa sababu ya njaa, na njaa ilikuwepo, lakini haikuwa hiyo peke yake. Alisema sisi wakubwa alishatufundisha kumdanganya kwa adabu, tukisema tumeshiba hakujua tena lini ni kweli. Wewe peke yako ndiye uliyekuwa bado unamwambia ukweli mezani, na hakuwa na moyo wa kukufinya paja mpaka uache. Akasema akipona atakwenda kukwambia mwenyewe, uso kwa uso, kwamba hukutolewa kwa kuzidi. Ulitolewa ili usijifunze kubakiza.

Niliyasikia maneno hayo simu yangu iko mapajani, na fomu iko ndani ya simu, na neno liko juu ya fomu, na bado akili yangu haikuyaunganisha. Wewe wakati huo pengine ulikuwa bado uko ng'ambo ya barabara na machungwa yako. Jioni nikajaza fomu: "Mama ameongea sana leo, tumemshukuru Mungu."

Siku chache baadaye kiharusi kikamrudia. Maneno yamekwenda, Kitinda. Daktari anasema huenda machache yatarudi, huenda yasirudi. Yale aliyotaka kukwambia mwenyewe ndiyo hayo niliyoyaandika hapo juu, na nimeyaandika kama alivyoyasema, sikupunguza wala kutarizi. Najua si sawa na kuyasikia kinywani mwake. Hilo siwezi kulishona tena, kitambaa kimekwisha.

Kabla ya kuandika barua hii nilikwenda gereji nikamweleza Kaka yote, mbele ya vijana wake. Aliweka spana chini, akatoka nje, akakaa huko muda, nikadhani hatarudi. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akasingizia moshi. Akaniagiza nikuombee radhi kwa ajili ya yale ya maziwa na nyama. Akasema alikuwa anakuonea wivu wa zile soda, mzee mzima.

Fomu bado ina neno la siri, maana muuguzi mkuu hataki kusikia habari ya mlango wazi. Ila nimebadilisha. Swali sasa linasema: "Mgeni alipokuja, Kitinda alisema nini?" Jibu ni "Mama, mbona tamu." Kaka na Bi Haraka wote wawili walishindwa kuingia, walikuwa wameshasahau, wakanipigia kwa ukali. Nikawaambia wakae kwanza huko nje kidogo wasikie baridi yake. Na anayekosea siku hizi anakuta maneno haya: "Karibu. Kama hulijui neno, huenda kosa ni letu. Mpigie Fundi." Namba yangu iko chini yake. Redio ameshanipigia mara kadhaa. Navumilia, ni kafara yangu.

Jumamosi zote ni zako. Nimeziandika mwenyewe, na mlinzi nimempelekea majina yako yote, lile la vyeti na hili la nyumbani. Anakukumbuka. Alisema yule wa machungwa? Aliyagawa machungwa yale kwa wauguzi, kwa kuwa uliyaacha juu ya ukuta.

Jambo moja la mwisho kuhusu Mama. Wanamletea uji kwenye bakuli. Anakula vijiko vitatu vinne, kisha anafunga mdomo, anausukuma ule uliobaki kwa mkono wake mzima hadi ukingoni mwa meza, na anatazama mlango. Wauguzi wameandika kwenye cheti kuwa hana hamu ya chakula. Mimi nimekaa meza moja na yule mwanamke utoto wangu wote, najua sura ya mtu anayebakiza. Uji wenyewe nimeuonja. Hauna chumvi kabisa.

Njoo ukae hapo, mdogo wangu, uchovye, umwambie kama ulivyomwambia.

Kaka anakusalimu. Bi Haraka anakusalimu na anasema usichelewe. Wifi anasema ukikwama popote mpigie yeye, usimsikilize Fundi. Msalimie mkeo, uwabusu watoto, na Mama Mdogo mwambie nitampigia mwenyewe, nina la kumweleza kuhusu yule aliyekuwa wodini siku ile. Mungu akulinde njiani, na akinipa siku nitakungoja getini, upande wa nje.

Ni mimi dada yako,
Fundi